Hatua 10,000 kwa siku si mpaka wa afya

Wengi wanaovaa saa za kuhesabu hatua wanaamini kwamba asiyefikisha hatua 10,000 kwa siku hajafanya mazoezi ya maana. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa lengo hilo huja likiwa limeshawekwa katika saa na programu nyingi. Hata hivyo, halikutoka maabara: lilienezwa nchini Japani mwaka 1965 kupitia kifaa kilichouzwa kwa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua 10,000". Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida huanza chini ya hapo, hasa kwa mtu aliyezoea kukaa.

Kwetu Iringa jambo hili lina uzito wake. Mama anayepanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, ndoo kichwani na mkono wenye saa umeishikilia, anahema na kutokwa jasho. Lakini kihisi cha saa hufuata mtikisiko wa mkono, hivyo huenda kikahesabu hatua chache kuliko alizopiga, na ukali wa mlima hauongezi hata hatua moja. Naamini wabunifu wa vifaa hivi wangeanza na mama huyo, wakampa lengo linalotokana na siku zake mwenyewe.

Kuhakiki ni rahisi. Tembea hatua 100 ukizihesabu kwa sauti, linganisha na saa, kisha rudia ukiwa umeshika mzigo. Na mlimani, ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, mwili wako tayari unafanya mazoezi ya kiwango cha kati.