Je, wajua kuna samaki wa akwariamu ambao bila baridi hawakai sawa?

Ingia duka la samaki wa mapambo umuulize muuzaji maji yawe na joto gani, jibu karibu kila mahali ni lilelile, weka hita, seti digrii 26, sahau. Na kwa samaki wengi hapo hajakosea. Ila kuna siklidi wanaotoka upande wa kusini wa Amerika ya Kusini ambao hiyo 26 ya Januari hadi Desemba, bila likizo, ndo inawamaliza, tena taratibu mno kiasi kwamba mwenyewe unabaki unalaumu chakula, unalaumu filta, kumbe ni hita.

Siklidi unawajua hata kama hujawahi kufuga samaki, maana sato na perege wamo humo humo kwenye hiyo familia, na wale wa rangi kali wa Ziwa Nyasa na Tanganyika pia ni ndugu zao. Kwa upande wa Amerika watu wakisikia siklidi akili inakimbilia Amazon, diskasi (yule bapa wa mviringo) na wenzake, maji ya uvuguvugu mwaka mzima. Sasa fungua ramani ushuke, pita Amazon yote, endelea mpaka jimbo la Rio Grande do Sul kule mwisho wa Brazil, halafu Uruguay na kaskazini mashariki ya Argentina. Montevideo iko kwenye latitudo ya karibu 35 kusini, yaani imeshuka kidogo hata kuliko Cape Town. Mwezi wa saba wastani wa joto la hewa pale ni kama digrii 11, na huko bara asubuhi nyingine majani yanaamka na jalidi. Januari mambo yanageuka, jua linawaka na maji ya vina vifupi yanapita 25 bila shida. Samaki wa kule ameishi na hiyo panda shuka vizazi na vizazi, mwili wake umejipanga kwa kuitegemea.

Wenyewe ni kina nani? Jina la kwanza ni Gymnogeophagus, hawa ni wachekechaji mchanga, anachota mdomo mzima, anatafuna tafuna, kilichobaki kinatokea kwenye matamvua, na dume akikolea rangi anakuwa na madoa ya buluu inayong'aa mpaka unashangaa kwa nini maduka hayawajui. Kuna Crenicichla, mrefu mwembamba, mwindaji, huyo usimweke na samaki anayetosha mdomoni mwake. Na kuna Australoheros facetus, wafugaji wanamwita chanchito, ambaye ana historia nzuri kidogo: alielezwa kisayansi na Leonard Jenyns mwaka 1842 kutokana na samaki aliyekusanywa na Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuko ya viumbe, pale Maldonado, Uruguay, kwenye ile safari ya meli ya Beagle. Baadaye akawa miongoni mwa siklidi wa mwanzo kabisa kufugwa kwenye akwariamu Ulaya, na ukifikiria inaeleweka, enzi zile hita za umeme hazikuwepo, samaki asiyejali nyumba ya baridi ndo aliyekuwa anabaki hai.

Haya, kwa nini baridi sasa?

Samaki hawa hawazalishi joto lao wenyewe kama sisi, joto la maji ndo joto la mwili. Maji yakipanda digrii 10, kazi za ndani kama kusaga chakula, mapigo ya moyo, kuvuta oksijeni, zinaenda kasi karibu mara mbili, wakati mwingine zaidi. Na hapo hapo maji yenyewe yanapungukiwa: lita moja ya maji ya digrii 15 inaweza kubeba oksijeni kama miligramu 10, yakifika 28 inabeba chini kidogo ya 8. Kwa hiyo samaki anataka hewa nyingi zaidi kwenye maji yanayobeba kidogo zaidi, na miezi miwili mitatu ya kiangazi anaimudu kabisa, kwao ipo. Tatizo ni pale kiangazi hakiishi. Anakula sana, anakua haraka kupita kawaida, anaonekana ana afya kweli kweli na mwenye tangi anafurahi, halafu mwaka wa pili au wa tatu ugonjwa mmoja baada ya mwingine, mashimo kichwani, mapezi kuliwa, samaki anakonda huku anakula. Wafugaji wazoefu wa Gymnogeophagus wamelalamikia hili miaka mingi na karibu wote wanarudi kwenye dawa moja, wape miezi ya kupoa.

La pili ni uzazi, na hapa ndo pananifurahisha zaidi. Kule mtoni samaki akizaa mwezi wa sita vifaranga vitakula nini, wadudu wadogo wa majini wamepungua, kila kitu kimelala. Kwa hiyo mwili unasoma dalili mbili, urefu wa mchana na joto la maji, na baridi inaweka mambo ya mayai kwenye mapumziko mpaka Septemba, Oktoba, mchana unaporefuka na maji kuanza kupata joto, hapo homoni zinaamka. Ni kama tufaa za Njombe, mti uleule upeleke Dar utaota majani vizuri tu lakini matunda utayasubiri sana, umekosa baridi ya kuuambia kwamba msimu umegeuka. Samaki aliyekosa kipupwe ama hazai kabisa, ama jike anataga ovyo ovyo na mayai yanaharibika, ama (na hii watu wanaishangilia bila kujua) anataga mfululizo bila kupumzika mpaka anaisha mwili.

Namna ya kufanya si ngumu ila haitaki papara. Unashusha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka 15 au 16 hivi, unakaa hapo miezi miwili mitatu, unapandisha polepole vilevile. Usitoe samaki kwenye 26 ukamtumbukiza kwenye 15, hiyo ni kuua. Kitu wengi wanasahau ni chakula: kwenye baridi tumbo linasaga polepole na bakteria wa kwenye filta wanaosafisha maji nao wanapunguza kasi, sasa ukiendelea kumwaga chakula kama kawaida amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, inajaa huku wewe unadhani maji ni masafi kwa sababu yanaonekana meupe. Punguza sana, siku nyingine usimpe kitu. Filta iache inafanya kazi. Ukubwa wa tangi, mawe, mchanga laini badala ya kokoto, hayo ni yale yale ya siklidi wote, sina jipya.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani wengine huwatoa kabisa nje kwenye vibwawa wakati wa joto, baridi ikianza wanawarudisha kwenye chumba cha chini kisicho na hita. Kwetu inategemea unakaa wapi. Dar, Mombasa, Zanzibar, Muscat, sahau kuhusu hawa samaki labda ununue mashine ya kupoza maji na uwe tayari kwa bili ya umeme, maana tangi lenyewe hata bila hita halishuki mpaka huko kwenye 15. Ila Njombe, Mbeya, Iringa, Arusha, hata Nairobi, miezi ya sita mpaka ya nane ni kipupwe, na uzuri ni kwamba Uruguay nao wako kusini ya ikweta, baridi yao ni miezi hiyo hiyo, tangi lisilo na hita sebuleni linaenda na kalenda ya kwao lenyewe.

Uwezo huo wa kuvumilia baridi ndo huo huo unaomfanya awe hatari akitoroka. Chanchito ameshajikita mitoni Ureno na Uhispania, mto Guadiana mmojawapo, na hakufika kule kwa kuogelea. Ukichoka naye mpe mfugaji mwingine, mtoni usimpeleke. Habari ya sangara Ziwa Victoria tunaijua.

Na ukienda kununua, "siklidi wa Amerika ya Kusini" sio jibu, muulize muuzaji samaki huyo anatoka mto gani. Diskasi naye ni wa Amerika ya Kusini, ukimpa digrii 15 humkuti asubuhi. Hata ndani ya jina moja kuna tofauti, Gymnogeophagus balzanii anapatikana kuanzia Paraguay kwenye joto mpaka kusini zaidi, Argentina, na wa Paraguay hahitaji baridi kali kama mwenzake wa kusini. Muuzaji asipojua mto, shusha maji mpaka 18 tu kwanza uangalie wanavyokwenda.