Acheni Kuniagiza Dirisha la Kaskazini

Karibu kila mchoraji wa picha anayetaka nyumba yenye studio ndani yake hapa Kampala huja kwangu mimi msanifu majengo na sharti moja alilolishika kama sala: ukuta wa kaskazini uwe kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi kwenye kenchi, kwa sababu eti mwanga wa kaskazini hautikisiki. Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea sanaa chuoni, kwa hiyo naandika ili atakayefuata asome kwanza kabla hatujaikalia ramani.

Sharti lenyewe si la kijinga, ila limezaliwa mbali. Paris iko karibu digrii 49 kaskazini mwa ikweta na London digrii 51 na nusu. Huko jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini huona anga tu, isipokuwa miale michache ya asubuhi na jioni wakati wa kiangazi chao. Ukienda Cape Town kanuni inageuka, na mwanga tulivu hutoka kusini. Kampala iko kama theluthi moja ya digrii kutoka ikweta. Asiyeamini apande gari la Masaka ashuke Kayabwe akaone mstari wenyewe. Kwetu jua hupita kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Anayeniagiza ukuta wa kioo upande wa kaskazini, kwa hiyo, ananiagiza jua la moja kwa moja juu ya kanvasi yake kwa nusu ya mwaka, tena nusu yenye Juni na Julai, miezi ambayo mvua hupungua.

Wengine wakishaelezwa haya hukata tamaa na kutaka chumba kifungwe. Haina haja, kwa sababu kwenye ikweta kuta za kaskazini na kusini ndizo rahisi kuliko zote kuzikinga. Tarehe 21 Juni, jua likiwa kileleni, ambako kwa saa zetu ni karibu saa saba mchana, huwa digrii 67 hivi juu ya upeo wa macho, na upenu wa paa wenye kina cha mita 1 hutia kivuli mita 2.3 za ukuta ulio chini yake. Karibu saa nne asubuhi kivuli hicho hufika mita 1.7 tu. Mapema zaidi jua huja kwa mshazari kutoka mashariki, na hapo upenu haufui dafu; kinachosaidia ni vikuta vifupi vya wima pembeni mwa dirisha. Ndiyo maana madirisha ya studio nayachora juu, chini tu ya upenu mrefu, wala siyashushi hadi sakafuni. Magharibi naweka stoo, bafu na ngazi, na sijadili. Bati la kupitisha mwanga katikati ya paa silikubali, na hilo sijadili pia, kwa kuwa mwezi Machi na Septemba jua la mchana huwa utosini.

Linaloniudhi zaidi, na ambalo hakuna mteja anayeliuliza, ni rangi ya mwanga wenyewe. Sehemu ya mwanga unaoingia dirishani huwa imekwisha kugonga kitu huko nje. Ua wa murramu huurudisha ukiwa na wekundu, migomba iliyosongamana huutia ukijani, na nyuso za watu kwenye picha huanza kuugua bila mchoraji kujua sababu. Mbaya kuliko yote ni ukuta wa duka la jirani uliopakwa rangi ya kampuni ya simu: unaweza kumnunulia mteja kioo cha bei yoyote, lakini mchana kutwa atachora ndani ya tangazo la biashara. Dawa yake ni kizingiti cha dirisha kilichoinuliwa ili jicho la chumba lione anga badala ya ardhi, sehemu ya chini ya upenu iliyopakwa nyeupe isiyong'aa, na sakafu ya saruji iliyoachwa na kijivu chake. Kuhusu nondo za usalama, msiziogope, kwa kuwa zina faida ya bure: kivuli cha nondo kikilala juu ya kanvasi kwa mistari iliyokatika wazi, jua limeingia; usipokiona, kivuli cha upenu kinatosha.

Upande wa nyumba nitaupitia haraka. Mvuke wa tapentaini, kiyeyushi cha rangi ya mafuta, ni mzito kuliko hewa, hivyo matundu ya kuutoa yawe chini karibu na sakafu pamoja na yale ya juu, na studio isifungukie jiko lenye gesi. Kati yake na vyumba vya kulala pawe na ukumbi mdogo wenye milango miwili. Mlango wa nje upimwe kwa kanvasi kubwa kuliko zote ikiwa na fremu yake, wala si kwa mabega ya mtu.

Nina shaka zangu hata hivyo. Mwanga wa pande mbili ninaoupendelea kwa ajili ya hewa hufanya rangi ya mafuta iliyolowa ing'ae mahali pasipotakiwa, na sijapata jibu bora kuliko luva za mbao upande mmoja, ambazo fundi huzilalamikia na mteja husahau kuzifunga. Tena wapo wachoraji wazuri wanaofanyia kazi barazani au chini ya mwembe, na picha ikishauzwa hutundikwa kwenye korido yenye taa. Huenda balbu za LED zenye uaminifu wa rangi unaozidi 90 kwa kipimo cha 100 zingefanya kazi ileile kwa gharama ndogo, kama umeme usingekatika.

Atakayekuja kwangu baada ya kusoma haya anieleze anafanya kazi saa ngapi, anipe vipimo vya kanvasi yake kubwa kuliko zote, na alete picha nne za kilichopo ng'ambo ya kila mpaka wa kiwanja chake, rangi za kuta za majirani zikionekana.