Mishipa migumu na moyo mgumu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mishipa migumu ni ile iliyoziba kwa mafuta." Hata waliosoma huyachanganya haya. Mafuta hubana njia ya damu. Ugumu uko kwenye ukuta wenyewe wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Nyuzi zake zinazovutika, elastini, huchakaa kwa umri na presha, kolajeni, nyuzi ngumu, ikashika nafasi. Ateri inaweza kupitisha damu bila kizuizi na bado ikawa imekakamaa kama tyubu ya baiskeli iliyoanikwa juani.

"Basi ultrasaundi inauona ugumu huo kwenye picha." Hapana, na hapa ndipo penye utamu. Picha pekee haitoshi. Kinachopimwa ni mwendo. Moyo ukipiga, msukumo hukimbia kwenye ukuta wa ateri, ukaiacha damu yenyewe nyuma. Ukuta laini huuchelewesha, mgumu huupitisha upesi. Mpimaji hunasa pigo la shingoni na la kwenye kinena kwa dopla, ultrasaundi inayopima mwendo wa damu. Tuseme njia ni sentimita 50. Msukumo ukitumia sehemu moja ya kumi ya sekunde, kasi ni mita 5 kwa sekunde, ya kijana mwenye afya. Ukitumia nusu ya muda huo ni mita 10, kiwango ambacho mwaka 2012 wataalamu wa Ulaya walikiweka kuwa mpaka wa kuhesabu mshipa ni mgumu. Wanasayansi wa Uholanzi, Moens na Korteweg, walikwisha kuandika hesabu ya kasi na ugumu tangu 1878.

"Ultrasaundi ina mionzi." Haina; ni mawimbi ya sauti.

"Presha yangu nzuri, kipimo hiki hakinihusu." Presha hupanda na kushuka kutwa, ugumu hujengeka kwa miaka. Ila presha ikipanda wakati wa kipimo, ukuta hukazwa na mshipa huonekana mgumu zaidi. Ndiyo maana unalazwa chali utulie kama dakika 10, na unakatazwa sigara na kahawa kabla.

Inayoniuma zaidi ni hii: "Moyo unaosukuma vizuri ni mzima." Majibu ya eko, yaani ultrasaundi ya moyo, yanasema kila pigo linatoa zaidi ya asilimia 50 ya damu iliyojaa chumba cha kushoto, mtu anarudishwa nyumbani, na ngazi kumi tu zinamwacha akihema. Moyo mgumu husukuma. Kinachoushinda ni kulegea ujae. Aulize basi moyo wake unajaaje: eko ileile hupima kasi ya damu inayoingia chumba cha kushoto na kasi ya msuli kulegea. Mashine za kasi kubwa, ambazo bado ziko zaidi kwenye utafiti, hupiga picha elfu na zaidi kwa sekunde na kufuata mtikisiko unaopita kwenye ukuta wa moyo vali ya aota, mlango wa ateri kuu, inapofunga. Ukipita mbio, msuli umekakamaa.