Bwana Bayard, maiti aliyepiga picha yake mwenyewe

Kila ninapofundisha watu kusafisha picha kwenye chumba cha giza, naanza na picha ya maiti. Mwanamume kifua wazi, ameegea upande, macho kafumba, shuka limemfunika kuanzia kiunoni, kofia pana ya majani iko ukutani. Watu huguna. Hapo ndipo nawaambia kwamba aliyeipiga ni huyo huyo maiti.

Ni Hippolyte Bayard, Mfaransa aliyezaliwa 1801, karani wa Wizara ya Fedha mjini Paris. Kazini fedha za serikali, nyumbani fedha ya kemia. Januari 1839, ilipotangazwa kwamba Louis Daguerre amenasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, Bayard naye akakazana, ila yeye kwa karatasi.

Alipaka karatasi kloridi ya fedha, akaiacha kwenye mwanga hadi ikawa nyeusi tii. Kisha akailowesha kwa iodidi ya potasiamu na kuiweka kwenye kamera. Sasa mwanga ukawa unafua: palipopigwa sana panatakata, penye kivuli panabaki peusi. Hakuna negativu, ile picha ya kwanza yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa; picha inatoka moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba hutoi nakala, na kulia kunakuwa kushoto.

Juni 24 alionyesha picha 30 hadharani, karibu miezi miwili kabla ya siri ya Daguerre kuwekwa wazi Agosti 19. Lakini François Arago, mwanasayansi na mbunge, alikuwa upande wa Daguerre, akamtaka Bayard asubiri kutangaza mbinu yake. Akasubiri. Daguerre akapata pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka. Bayard faranga 600 za vifaa, basi.

Ndipo Oktoba 1840 akajizamisha kwa picha. Nyuma ya picha hiyo aliandika kwamba serikali imempa Daguerre kupita kiasi, Bayard ikadai haina la kumsaidia, maskini akajitosa majini. Yuko mochwari siku kadhaa na hajatokea wa kumtambua. Wapita njia wasogee mbele wasije wakakerwa na harufu, maana uso na mikono vimeanza kuoza.

Na kweli ni vyeusi! Nadhani ni jua tu. Karatasi ya aina hii huona rangi ya buluu na haioni nyekundu, kwa hiyo ngozi iliyobabuka hutoka kama lami, huku kifua kinachofichwa na shati kikibaki cheupe. Pozi nalo ni la fundi: picha zilichukua dakika nyingi, na maiti hapepesi macho.

Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa ilimtuma, pamoja na wapigapicha wengine wanne, kupiga picha majengo ya kale ya nchi. Akafa kweli mwaka 1887.