"Ni Majani Tu": Mavi ya Farasi Barabarani na Maneno Ambayo Nimechoka Kuyasikia

Mwezi uliopita niliitwa na mteja wangu mmoja wa mtaa wa Karen, hapa Nairobi, nikamchanjie farasi wawili. Nilipokaribia lango lake, barabara ya mtaa ilikuwa bado mbichi kwa manyunyu ya usiku. Pale konani palikuwa na rundo la mavi lililopondwa na magurudumu mpaka likawa uji wa kijani, na hatua chache mbele yake kijana wa bodaboda alikuwa akiinua pikipiki. Suruali ilikuwa imechanika gotini. Kwenye mchubuko, katikati ya damu, niliona vipande vya nyasi vilivyotoka tumboni mwa farasi.

Nilimwosha kwa maji na sabuni niliyokuwa nayo garini, nikamuuliza mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini. Akanitazama. "Daktari, hiyo si ya akina mama wajawazito?" Nikamwelekeza kituo cha afya cha karibu na kumsihi asilale siku hiyo bila kuipata.

Mteja wangu nilimkuta barazani akinywa chai. Nilipomweleza, alimwonea huruma kijana kwa dhati, kisha akasema yale ninayoambiwa na kila mwenye farasi kuanzia Langata hadi Jamhuri: "Lakini daktari, si ni majani tu? Mvua ikinyesha yataondoka."

Si majani tu, na mvua haiyaondoi. Nitaeleza polepole, kwa sababu dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote.

Farasi si ng'ombe. Ng'ombe hucheua, anachokula hurudi mdomoni kikasagwa upya. Farasi hutafuna mara moja, chakula kikapita tumboni upesi, na kazi kubwa ya kuchachusha nyasi ikafanyika nyuma kabisa, kwenye sikamu, yaani mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na kwenye utumbo mpana wenyewe. Ndiyo maana mengi hupita bila kuguswa. Chukua donge moja la mavi mabichi, lipasue kwa kijiti, uangalie kwa karibu. Utaona mashina ya nyasi za Boma Rhodes yenye urefu wa ukucha, punje ya mahindi ambayo bado ingeota ukiipanda, na mbegu za magugu zikiwa nzima kabisa. Ukilipasua donge la siku mbili tatu utaona na mabuu meupe yakijipinda kuukwepa mwanga.

Hayo mabuu ndiyo sababu ya kwanza. Nzi wa nyumbani na nzi wa mazizini, yule anayechoma miguu ya farasi mpaka akapigapiga kwato chini siku nzima, wote wanapenda mavi yenye unyevu. Kwenye joto la Februari hapa Nairobi yai la nzi wa nyumbani huweza kuwa nzi kamili kwa takriban siku kumi, pengine chini ya hapo. Mtu anayesema "yatakauka yenyewe" anasahau kwamba rundo hukauka juu tu. Ndani linabaki bichi na lenye joto siku kadhaa, na siku hizo kadhaa zinamtosha nzi. Halafu anayepigwa na nzi si mwenye farasi aliyerudi nyumbani kwake nyuma ya ua. Ni mama anayekaanga samosa kwenye kibanda cha njia panda.

Sababu ya pili ni pepopunda. Kijidudu chake huishi katika utumbo wa wanyama wengi, na farasi ni mmoja wa wenyeji wake wakubwa. Hutoka na mavi akiwa katika umbo la mbegu ngumu isiyokufa kwa jua wala kwa ukame, akakaa udongoni miaka. Farasi mwenye afya haonyeshi dalili yoyote kwa kumbeba tumboni. Hatari ni jeraha. Kila mteja wangu anajua kwamba farasi asiyechanjwa akichomwa na msumari kwatoni anaweza kufa kwa pepopunda, na hulipia chanjo bila kunung'unika. Sielewi ni kwa nini mtu huyohuyo haoni kwamba goti la mwendesha boda nalo ni jeraha, na kwamba vijana wengi wa kiume hapa mjini hawakumbuki sindano ya mwisho waliyochomwa, kama si zile za utotoni.

Sababu ya tatu ni wingi, na hapo watu hushangaa. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 hutoa mavi na mkojo upatao kilo 20 na ushei kwa siku. Hunya mara nyingi, kuanzia mara nne hadi zaidi ya kumi, kwa hiyo rundo moja barabarani lina karibu kilo mbili. Watoke farasi sita wa matembezi asubuhi ya Jumapili, kila mmoja aangushe mara moja kwenda na mara moja kurudi, hiyo ni debe juu ya debe katika barabara moja isiyo na kijia cha miguu. Watu wanatembea wapi? Pembeni mwa lami, palepale farasi wanapopita.

Sasa hiyo mvua. Mvua haiharibu kitu, inahamisha tu. Za Machi hadi Mei zinapoanza, kila kilicholundikana tangu Januari kinaingia mferejini kwa siku moja. Kutoka upande wa Ngong Road mifereji mingi inaelekea Mto Motoine, na Motoine unaingia Bwawa la Nairobi, kando ya Kibera. Kutoka Karen ya chini na Langata maji yanakwenda Mto Mbagathi, mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mavi hayo yanabeba nitrojeni na fosforasi inayolisha magugu-maji, na yanaweza kubeba salmonela na vijidudu vingine vya kuharisha. Najua mito hiyo inapokea machafu mabaya zaidi ya ya farasi. Hilo haliyafanyi yetu kuwa safi.

Na wakati wa kiangazi, mavi yaliyosagwa na matairi huwa vumbi. Unalivuta.

Kuna wanaobadilisha neno wakidhani wamebadilisha jambo. "Daktari, hiyo ni samadi, ni baraka kwa ardhi." Samadi ni mavi yaliyoiva. Mavi hayaivi juu ya lami. Msituni na malishoni kuna mende wale wanaoviringisha na kufukia. Rundo la jioni asubuhi unalikuta limetobolewa, na baada ya siku chache limezikwa ardhini. Juu ya lami mende atalifukia wapi? Na kama ulimpa farasi wako dawa ya minyoo ya aivamektini juma lile, mavi yake yana mabaki ya dawa hiyo, na hata mende wa malishoni hudhurika nayo. Mara nyingine nashauri farasi akae siku chache ndani baada ya dawa, mavi yake yakusanywe yote.

Hapo ndipo nilipomaliza na mteja wangu, chai yake ikiwa imepoa. Dhana zilizobaki nitazijibu haraka.

"Mavi ya farasi ni sawa na ya mbwa, yatawapa watoto minyoo." Hapana, na ni haki niseme hivyo. Minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa mtoto na kumdhuru hadi jichoni. Minyoo ya kawaida ya farasi haina makao ndani ya mtu. Lakini ina makao ndani ya punda, na punda wa mikokoteni ya maji hula nyasi za kando ya barabara hizohizo. Mayai huanguliwa kwenye unyevu, viluwiluwi wakapanda majani, punda akala. Mwenye punda hana daktari wa kila mwezi.

"Basi farasi wangu atapata ule ugonjwa mkubwa wa farasi kwa kunusa mavi njiani." Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na visubi wanaouma, si mavi. Visubi hao, hata hivyo, huzaliana vizuri kwenye tope lililochanganyika na mavi, kwa hiyo ukitaka kuogopa, ogopa lile dimbwi lililo nyuma ya banda lako.

"Hakuna sheria." Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inapoorodhesha kero kwa afya inayataja mavi ya wanyama yaliyoachwa yakalundikana na kudhuru au kuudhi. Na Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Wengine hunijibu kwamba kule Uingereza sheria ya kuokota mavi ya mbwa haimgusi mpanda farasi. Ni kweli, lakini hatuishi kule. Na wakitaka mifano ya nje, Vienna magari ya farasi ya watalii hufungwa mfuko nyuma ya mnyama, na Charleston kule Marekani dereva hudondosha kibendera pale farasi wake alipokojoa ili gari la usafi lije kuosha.

"Mbona ng'ombe wa Wamaasai wanapita Karen na hakuna anayewauliza?" Hili husemwa kwa hasira, na mimi hujibu kwa hasira. Mchungaji anayeingia mjini na mifugo wakati wa ukame anafuata majani ili ng'ombe wasife. Yuko peke yake na wanyama arubaini. Wewe umetoka kwa starehe, una mnyama mmoja, una saisi wa kumtunza na una gari. Mavi ya ng'ombe nayo ni uchafu, ndiyo, na kaunti ina la kufanya hapo. Ila usijifiche nyuma ya mtu mwenye shida.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: kwamba kushuka farasi katikati ya magari ili kuokota mavi ni hatari. Ni kweli kabisa. Sitaki mtu ashuke kwenye Langata Road akiokota mavi huku matatu zinampigia honi. Farasi akishtuka hapo tutazika watu. Kwenye barabara kubwa endelea, kisha mtu arudi kwa miguu au kwa gari ndani ya saa moja. Kwenye barabara za mtaa, zile za miti ya jakaranda ambako ndiko tunakopanda zaidi, hakuna udhuru. Ukishindwa yote, usiliache rundo kwenye njia ya magurudumu wala ya watu: lisukumwe pembeni, mbali na mfereji, mpaka mtu aje kulichukua.

Vifaa ni vya bei ya chini. Gunia la mahindi la kilo 90 ulikate nusu, ulitie kamba, saisi alivae begani. Kizoleo cha bati na kijifagio kigumu, au sepetu fupi. Usiulizie mifuko ya plastiki dukani, ilipigwa marufuku Agosti 2017. Na msimtume saisi akimbie kwa miguu nyuma ya farasi anayekwenda mbio, mpeni baiskeli. Na glavu. Na mhakikishe yeye mwenyewe amechomwa pepopunda kabla ya farasi wenu. Nimeingia mabanda ambamo kila mnyama ana kadi ya chanjo na binadamu anayeshinda na sepetu mkononi hana.

Jingine nimelijaribu miaka mingi na linapunguza kazi nusu. Farasi akijua anatoka, msisimko humfanya anye. Basi mtandike, umzungushe uani dakika kumi na tano kabla ya kufungua lango. Wengi wao watamaliza hapohapo, kwenye udongo wako, ambako kuna mtu na toroli. Wanaotoka langoni moja kwa moja kutoka bandani ndio wanaoangusha kwenye kona ya kwanza. Ile kona ya kijana wa bodaboda iko hatua mia moja kutoka lango la mteja wangu.

"Na nikiyakusanya niyapeleke wapi, hakuna anayeyataka." Hawayataki mabichi, na wana haki: mabichi yanaunguza miche na kuwajazia shamba magugu. Yalundike mahali pakavu, rundo lifike kimo cha kiuno, ulinyunyizie maji kidogo likiwa kavu, uligeuze kila juma. Katikati pakifika nyuzi 55 na kukaa siku kadhaa, mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu hufa. Huhitaji kipimajoto ili kuanza: chomeka fito ndefu mpaka katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike ncha. Ikiwa unaweza kuendelea kuishika kwa raha, rundo halijapata moto, ligeuze tena. Baada ya miezi miwili au mitatu rangi inakuwa ya udongo, harufu inakuwa ya msitu baada ya mvua, na huoni tena umbo la donge.

Nilipopita kwa yule mteja wiki jana kutoa chanjo ya pili, rundo lake lilikuwa na wiki tatu. Saisi alichomoa fito akaniwekea ncha kiganjani. Nikaiachia upesi. Majirani wawili wenye sukumawiki walikuwa wameshaomba magunia, naye amewaambia wasubiri mwezi mwingine.