Unataka kusomea udaktari wa mifugo? Jiulize kwanza kama unawaweza wenye mifugo

Matokeo ya fomu foo au fomu siksi yakitoka tu meseji zinaanza, "dokta mimi napenda sana wanyama, nisome vet?" Kupenda wanyama ni vizuri sikatai, ila mimi swali langu la kwanza ni kama unawaweza watu. Ng'ombe hakupigii simu na halipi, anayekupigia saa nane usiku kutoka Kiwira huko na mvua ya Rungwe mnaijua, ni mwenye ng'ombe, na yeye ndo anaamua kama mgonjwa wako anatibiwa au asubuhi anaitiwa mchinjaji.

Chukua ndigana kali. Huku wengi wanafuga ng'ombe wa maziwa mmoja wawili, bandani, wanakatiwa majani, na ada za watoto zinatoka hapohapo. Kupe akishamwambukiza dawa ipo, buparvakwoni, na ikiwahi inafanya kazi vizuri tu, lakini bei yake imechangamka na dozi inaenda kwa kilo za mnyama. Sasa mfugaji kashachoma OTC (antibayotiki ya kawaida, oksitetrasaiklini) ya duka la pembejeo, kamuuliza jirani, kachoma tena, siku ya nne ndo anakukumbuka, unafika ng'ombe anahema kwa shida na povu linatoka puani. Unamwambia anunue dawa ya hela yote hiyo wakati wewe mwenyewe unaona mapafu yameshajaa maji? Au unamwambia ukweli akuone hujui kazi? Hapo kupenda wanyama hakukusaidii kitu.

Homa ya nguruwe ndo usiseme. Mbeya tunavyopenda kitimoto, ugonjwa ukiingia mtaani ni msiba, hauna tiba, na virusi vyake vinakaa muda mrefu kwenye nyama kiasi kwamba makombo tu yakimwagwa bandani yanatosha kuwaambukiza wengine. Kazi yako hapo siyo sindano, ni kumwambia mama wa watu kwamba waliobaki wasiuzwe, wasihamishwe, na waliokufa wazikwe au wachomwe, na yeye usiku anatafuta gari la kuwapeleka mnadani kabla karantini haijatangazwa. Namwelewa kabisa, ila lazima umzuie.

Na maziwa: umemtibu ng'ombe kwa antibayotiki, unasema maziwa ya siku kadhaa yamwagwe kama lebo ya dawa inavyotaka, anaitikia "ndiyo dokta", kesho unayakuta kwenye ndoo yanaenda kuuzwa. Utaongea mpaka uchoke.

Raha zipo jamani msinielewe vibaya. Ng'ombe kazaa jana, leo kalala chini, shingo kaikunja ubavuni, familia nzima inalia, unampa kalsiamu kwenye mshipa polepole huku unasikiliza moyo (ukiharakisha unaweza kumsimamishia moyo hapohapo) na mara nyingi haipiti muda anasimama, anakojoa, anatafuta majani. Watu wanakuona mchawi.

Kuhusu shule. Digrii ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro ni miaka 5, Kemia na Baiolojia usizichezee. Ukitoka fomu foo unaweza kupitia LITA (wakala wa serikali wa vyuo vya mifugo), kampasi mojawapo ipo Madaba njia ya Songea, unaanza astashahada, unaenda stashahada. Wazazi wengi wanaidharau hii njia na mimi naona wanakosea, maana bwana mifugo wa kata ndo anayekuwa na wafugaji kila siku. Ila jua kisheria siyo kitu kimoja, daktari anasajiliwa na Baraza la Veterinari na hao wengine ni wasaidizi wenye mipaka yao, kwa hiyo kama ndoto yako ni upasuaji jipange kwa ile miaka 5.

Ajira za halmashauri zinatoka kwa msimu, usiziwekee maisha yako yote. Wengi wanafungua duka la dawa au wanajifunza uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mrija), na huko napo ujue kudai maana "nitakulipa nikiuza maziwa" utaisikia sana na mafuta ya pikipiki hayakopeshwi.

Usalama wako pia. Kichaa cha mbwa chanjwa wewe mwenyewe mapema kabla hujaanza kushika mbwa wa watu. Mzoga uliokufa ghafla na damu inatoka kwenye matundu usiupasue, hiyo inaweza kuwa kimeta. Ng'ombe katupa mimba, glavu ndefu, siyo mikono mitupu hata kama babu amefanya hivyo maisha yake yote.

Wadada mnaouliza kama mtaweza kuvuta ndama: mnaweza. Siyo ubavu, ni kumgeuza akae sawa, kilainishi cha kutosha, kamba ifungwe juu ya kifundo, na kuvuta pale ng'ombe anaposukuma. Ila ukiwa mjamzito sindano za prostaglandini (homoni za kumleta ng'ombe kwenye joto) usizishike kabisa, zinapenya hata kwenye ngozi, na kondo la ng'ombe aliyetupa mimba mwachie mwenzio.