Kurudia Kozi: Kwa Nini Ile D Bado Ipo kwenye Transkripti

Kila matokeo ya muhula yanapotoka, dawati la usajili wa taaluma hupokea lalamiko lilelile: “Nimerudia kozi na nimefaulu, mbona ile D haijaondolewa?” Haiondolewi. Transkripti ni kumbukumbu ya kila kozi uliyosajiliwa, si orodha ya ulizofanya vizuri. Kinachoweza kubadilika ni GPA, yaani wastani wa pointi za madaraja yako, na hapo kanuni za chuo chako ndizo zinazoamua.

Vipo vyuo ambako daraja jipya huchukua nafasi ya lile la zamani kwenye hesabu. Kwingine yote mawili huhesabiwa. Tuseme una krediti (uzito wa kozi) 60 na GPA ya 2.80, yaani pointi 168 (60 × 2.80). Kozi ya krediti 3 uliyopata D (pointi 1) umeirudia ukapata B (pointi 3). Daraja likibadilishwa, unakuwa na pointi 174 kwa krediti 60: GPA 2.90. Yakihesabiwa yote mawili, ni pointi 177 kwa krediti 63: 2.81. Mwenye krediti 15 na GPA ya 2.40 angefika 2.80 au 2.50. Ndiyo maana tunasisitiza kurudia mapema. Tena vipo vyuo vinavyoweka ukomo: hata ukipata A, itaandikwa alama ya chini kabisa inayokubalika kufaulu. Piga hesabu hii kabla ya kujisajili, kwa kufuata kanuni za mwaka uliodahiliwa.

Tafadhali, kurudia kozi si sapu (mtihani wa nyongeza kwa aliyefeli). Kwenye sapu unarudi kufanya mtihani tu. Kurudia kozi ni kuanza upya: mahudhurio, majaribio, kazi za vikundi, vyote. Alama zako za zamani za majaribio kwa kawaida hazihamishwi. Kama majaribio yana alama 40 na mtihani 60, anayekuja siku ya mtihani pekee akapata 45 kati ya 60 anabaki na 45 kwa 100. Hakuna mhadhiri aliyemwonea.

Utaratibu wenyewe: jaza fomu ya kurudia kozi ndani ya dirisha la usajili, mshauri wako wa taaluma asaini, lipa ada inayohusika, kisha hakikisha kozi imeonekana kwenye akaunti yako ikiwa na alama ya marudio. Kukaa darasani bila kusajiliwa hakukupi matokeo, hata mhadhiri akiwa amekusahihishia mtihani. Linganisha pia msimbo wa kozi. Mtaala ukibadilika, msimbo hubadilika, na mfumo utaihesabu kama kozi mpya huku ile D ikiendelea kushusha GPA. Pata uthibitisho wa maandishi kutoka idarani kwamba kozi hizo mbili ni sawa. Anayetaka kuirudia chuo kingine aulize kwanza: mara nyingi krediti huhamishwa, daraja halihamishwi.

Angalia na ratiba. Kozi nyingi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na ikiwa ndiyo sharti la kozi ya mbele, utazuiwa huko hadi uimalize.

Na kama unaamini alama zimejumlishwa vibaya, usijaze fomu ya marudio. Kata rufaa kwa maandishi kabla muda wake haujaisha. Muda huo huhesabiwa tangu siku matokeo yalipotangazwa, si siku ulipoyafungua.